Nataka kubuni pini moja ya chaji ya vifaa vyote, kiswaswadu mpaka laptopu. Nitakwama wapi?

kipini_kimoja

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni mwanafunzi wa umeme, niko mwaka wa mwisho na natafuta projekti ya kumalizia chuo. Wazo langu ni kubuni pini moja, moja tu, inayoingia kwenye kila kifaa cha mkononi iwe kiswaswadu cha mjomba, smatifoni, tableti, tochi, spika ya bluetooth mpaka laptopu. Kwetu tu hapa nyumbani kuna pini nyembamba ya Nokia, kuna maikro USB, kuna taipu C, kuna Lightning ya iPhone ya dada, na kila mtu analala na waya wake chini ya mto.

Najua mtaniambia taipu C ishamaliza mchezo, mbona sasa haijamaliza? Nina kispika kina mdomo wa taipu C kabisa, ukikichomeka kwenye chaji ya laptopu ambayo waya wake ni taipu C huku na kule hakiwashi hata taa, ila ukichukua waya wa zamani wenye USB kubwa ya bapa upande wa kichwa na taipu C upande wa pili kinachaji freshi tu. Kama kweli ni pini moja ya vyote si ingechaji?

Nilichochora mpaka sasa ni pini ya duara yenye sumaku, meno manne: chanya, hasi, na mawili ya data. Duara ili hata gizani usihangaike upande upi uende juu, sumaku ili mtoto akijikwaa kwenye waya simu isije chini. Naomba mnikosoe kabla sijaipeleka kwa msimamizi wangu, hasa mafundi na watu wa elektroniki. Na kama kuna anayejua Ulaya waliwezaje kuzibana kampuni zote zikatumia kitu kimoja naomba aseme pia.

Jiwe la Kivuko

Dogo taipu C ipo. Fanya projekti ya umwagiliaji wa kisasa kama wenzio wote, uchukue A yako uende nyumbani 😂

Fundi Msimbazi

Achana na huyo, swali lako zuri. Nakujibu kama mtu anayeshinda na simu zilizokufa sistimu chaji.

Wengi mnaanza na umbo, duara au bapa. Umbo utachora jioni moja ukamaliza. Mimi ningeanza na hili: hiki kitu lazima kitachakaa, je kichakae upande gani, kwenye waya wa elfu tatu au kwenye simu ya laki tatu?

Angalia zilizopita. Nokia za mwanzo zilikuwa na pini nene ya milimita 3.5, ikaja nyembamba ya milimita 2. Zile hazikuwa zinakufa ovyo maana ni tundu na kijiti, hazina juu wala chini, na humo data haipiti ni moto (umeme wa chaji) peke yake. Ikaja mini USB halafu maikro USB. Maikro ilitangazwa 2007 na leo kila mtu anaisema vibaya, ila kuna jambo la akili sana walilifanya mle: yale meno ya springi yanayobana, ambayo ndo huchoka kwanza, waliyatoa kwenye mdomo wa kifaa wakayaweka kwenye pini ya waya. Waya ukilegea unatupa unanunua mwingine, simu inabaki nzima. Kimakaratasi maikro inatakiwa ivumilie kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000, wakati ile USB kubwa ya bapa ni 1,500 tu. Kilichoimaliza ni kule kuwa na juu na chini, mtu yuko kitandani usingizi umemshika anasukuma kinyumenyume, ulimi wa ndani unapinda au mdomo mzima unang'oka na njia zake kwenye bodi.

Taipu C nayo springi zipo kwenye waya, ila ule ulimi wa katikati uko kwenye simu. Lightning kinyume chake, ulimi uko kwenye waya, ni kipande kigumu hakina cha kuvunjika, lakini springi zimekaa ndani ya simu. Watu wanabishana humu ipi bora mpaka wanatukanana. Mimi kwenye meza yangu nachukua taipu C, kwa sababu ulimi kuvunjika nakutana nao kwa nadra, nyingi zinazoletwa "haichaji fundi" ni vumbi la mfukoni limeshindiliwa kule ndani mpaka pini haifiki mwisho, nachokoa na kijiti, buku mbili, mteja anaondoka anacheka. Zinazofuata ni za unyevu na chumvi. Simu za wavuvi na za watu wa ufukweni zinakuja meno yamegeuka kijani, na huwa linaanza lile linalobeba moto, maana maji ya chumvi yakikutana na umeme yanakula chuma hata kama simu umeizima ila waya umeuacha umechomekwa.

Sasa njoo kwenye sumaku yako. Meno yako nje, uchi, jasho linayafikia, na sumaku itaokota kila unga wa chuma, mpaka ule mchanga mweusi wa pwani unanasa. Siku kimoja kikilala katikati ya chanya na hasi utaona moshi. Sumaku inafaa, ila weka meno ndani ya shimo hata kidogo, na hakikisha hakuna moto kwenye waya mpaka simu iwe imekaa mahali pake. Namna ya kufanya hilo la moto waachie watu wa sakiti.

Na kama unataka standadi yako ipendwe na mafundi, andika humo kwamba mdomo ukae kwenye kibodi chake kidogo, kifungwe kwa skrubu, kiunganishwe kwa fleksi (ule utepe wa waya). Simu nyingi za bei ya chini ziko hivyo tayari, nafungua mfuniko natoa kibodi naweka kingine. Zile ambazo mdomo umechomewa kwenye mazabodi yenyewe ni habari nyingine, hapo unahitaji hewa moto na mkono usiotetemeka, na mteja akisikia bei anakwambia ngoja nikajipange.

WayaMoto254

Sasa boss. Niko Nairobi, nafanya kazi ya kudizaini bodi. Fundi ameongea poa sana mambo ya mwili wa pini, wacha mimi nijibu ya hiyo spika kwanza maana hapo ndo jibu la swali lako lote limekaa.

Spika yako haina shida ya shepu. Imekosa rezista mbili, vile vipande vidogo vya kupunguza umeme, vitu vya bei hata hutaamini.

Ile USB kubwa ya bapa ina volti 5 masaa yote, uchomeke kitu usichomeke, moto uko tu hapo unangoja. Taipu C si hivyo. Mdomo wa chaji ya taipu C hauna moto kabisa mpaka ujue kuna mtu upande ule mwingine. Inajuaje? Kuna meno mawili yanaitwa CC1 na CC2. Kifaa kinachotaka kuchajiwa kinatakiwa kiwe na rezista ya kilo-om 5.1 kutoka kila CC kwenda graundi (upande wa hasi). Chaji nayo inavuta CC zake juu kupitia rezista zake, sasa ikiona volteji imeshuka kwa kiwango fulani inasema sawa, kuna kifaa, na kwa vile ndani ya waya inapita laini moja tu ya CC inajua pia umeingiza upande gani. Baada ya hapo ndo inafungua volti 5. Sasa wale watu wa vitu vya bei ya chini wanachukua mdomo wa taipu C wanaweka pale kwa sababu ndo fasheni, zile rezista wanaziacha. Ukitumia waya wa bapa kwenda C inachaji kwa sababu upande wa bapa hauulizi maswali. Ukitumia C kwa C chaji inaangalia, inaona hakuna mtu, inanyamaza. Iko sawa kabisa chaji yako, usiirudishe dukani.

Na usidhani ni makosa ya wadogo peke yao. Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ilipotoka Juni 2019 iliunganisha CC zote mbili kwenye rezista moja badala ya kila moja kuwa na yake. Kwa waya wa kawaida inawaka vizuri. Ukileta waya wa maana wa laptopu, ule wenye chipu ndani, chaji inasoma vibaya inadhani umechomeka adapta ya hedifoni, inakataa kutoa moto. Ikabidi warekebishe kwenye toleo la bodi lililofuata.

Kwa hivyo hiyo pini ya duara ya meno manne, niambie, ni lipi kati ya hayo manne litakalouliza "nani yuko hapo"?

kipini_kimoja

Aisee nimejifunza kitu hapa, yaani niliilaani chaji bure. Swali sasa, kwanini taipu C ina meno 24? Mimi manne, wao 24, si ndo maana waya wao ghali? Laini za data mbili nilifikiri ndo zitauliza, simu na chaji ziongee humo humo.

WayaMoto254

Zinaweza, na kuna kampuni zilifanya hivyo. Quick Charge ya Qualcomm ya miaka ile ilikuwa inaongea kwa kucheza na volteji za laini za data. Shida ni kwamba kila kampuni ikaja na lugha yake, OPPO na VOOC yao tangu 2014, Huawei na yao, na wote wamevaa mdomo ule ule wa USB. Ndo unapata chaji imeandikwa wati kibao alafu simu ya kampuni nyingine ikiwekwa hapo inachaji polepole kama haijala.

Hesabu ya 24 ni rahisi ukiipasua. Meno 4 ni graundi, 4 ni moto, 2 ni CC, 2 ni ya ziada wanaita SBU, 4 ni data ya USB 2.0, ikiwa ni laini mbili tu zilizorudiwa juu na chini, na 8 yanayobaki ni ya data ya kasi, video ya skrini na kadhalika. Nusu yake iko pale sababu ya kugeuza, yaani ile raha ya kuchomeka bila kuangalia imelipiwa kwa kurudia meno. Simu nyingi za bei ya chini haziungi yote, zinatumia ya moto, graundi, CC na zile za USB 2.0 basi, na waya nao vile vile. Ndo maana waya mbili zinafanana sura, moja inapeleka video kwa skrini nyingine inachaji tu na kuhamisha faili kwa spidi ya mwaka 2000.

Sasa ya laptopu. Wati ni volti mara ampea. Ukitaka wati 100 kwa volti 5 unahitaji ampea 20, hiyo waya utakuwa mnene sana na meno yako madogo yataungua. Kwa hivyo unapandisha volti badala ya ampea: 9, 15, 20. Volti 20 kwa ampea 5 ndo hizo wati 100. Toleo la 2021 la standadi ya chaji ya USB, USB PD, likafika volti 48, wati 240. Lakini volti 48 hauwezi kuziachilia tu zikae kwenye waya, mtu akichomeka kiswaswadu kinapasuka. Lazima kila mara ianze na volti 5, kifaa kiombe, chaji ijibu, wakubaliane, ndo ipande. Na waya nao uulizwe, ukitaka kupita ampea 3 waya lazima uwe na chipu inayosema "mimi nabeba ampea 5", isipokuwepo hupewi.

Waya ukidanganya ndo balaa. Kuna mhandisi wa Google, Benson Leung, 2015 alianza kununua waya za taipu C mtandaoni na kuzipima moja moja, akaandika wazi zipi mbovu. Nyingi zilikuwa na rezista ya kilo-om 10 mahali pa 56, yaani zinaiambia simu vuta ampea 3 hata kama umeichomeka kwenye mdomo wa laptopu usioweza. Mwanzoni mwa 2016 akakuta moja imegeuzwa moto na graundi, ikaua laptopu yake na vifaa vyake vya kupimia. Amazon baada ya hapo wakapiga marufuku waya zisizofuata standadi.

Ukibuni pini yako hayo yote yanakuja nawe, hata iwe na umbo la nyota.

Mama Sola

Nasoma tu nacheka maana mimi sijui hizo CC ila nina kibanda cha kuchaji simu kijijini kwetu na nina paneli mbili. Wanangu mnaongelea laptopu wati mia, mimi asilimia kubwa ya wateja ni viswaswadu na tochi. Huwa natumia ule waya wa vichwa vingi, unakuwa na pini nyembamba, maikro, taipu C na ile ya iPhone ambayo haina mteja. Ukikatika kimoja vingine navyo vinaanza kusumbua. Sasa mtu anakuja na redio imeandikwa USB-C nachomeka haichaji, nabadilisha waya inachaji, nilijua ni mkosi wa redio kumbe ndo hiyo rezista.

Mwanangu mwenye projekti, kuna kijana alinishauri ninunue ile ya kuweka simu juu bila waya eti ndo mwisho wa matatizo ya pini. Mnasemaje?

WayaMoto254

Mama shikamoo. Usinunue. Kuchaji bila waya kuna standadi yake nzuri tu, Qi, na Qi2 ya 2023 imeongeza sumaku ili simu ikae katikati vizuri, lakini sehemu ya umeme inapotea njiani kama joto, na simu ikikaa vibaya inapotea zaidi. Mtu wa umeme wa gridi hajali. Wewe unayehesabu jua la siku hiyo hiyo utachaji simu chache kuliko sasa. Na viswaswadu havina hicho kitu.

Fundi Msimbazi

Shikamoo mama. Hapo mwenye projekti ndo asome mara mbili. Pini ya ulimwengu mzima ambayo haimfikii huyu mama ni ya ulimwengu gani?

Mbongo wa Hamburg

Wakuu nilikuwa kazini, nijibu ya Ulaya.

Haikuanza juzi. 2009 Tume ya Ulaya iliwakalisha watengenezaji wakubwa, Nokia, Samsung, Apple, Motorola na wengine, jumla 10 mwanzoni baadaye wakafika 14, wakasaini makubaliano ya hiari kwamba simu zitumie maikro USB. Wakati huo kulikuwa na aina zaidi ya 30 za chaji sokoni. Ilisaidia kweli, zile aina zikapungua zikabaki chache. Lakini makubaliano yalikuwa na mlango wa nyuma, ukiwa na adapta umehesabika umetii. Apple akapita hapo, akauza kiadapta, na 2012 akaleta Lightning yake yenye chipu ya utambulisho ndani ya waya, anayetaka kuitengeneza kihalali anaomba ruhusa kwake.

Mkataba ule ukaisha, wakajaribu tena hiari ikashindikana, ndo wakaandika sheria. Bunge la Ulaya lilipiga kura Oktoba 2022, kura 602 za ndiyo, 13 za hapana, 8 hawakuegemea upande. Ikaanza kubana tarehe 28 Desemba 2024 kwa simu, tableti, kamera, hedifoni, konsoli za gemu za mkononi, spika za kubeba, visoma vitabu na vingine, halafu laptopu zikapewa mpaka 28 Aprili 2026. Saa za mkononi ziliachwa, ndogo mno. Apple aliwahi, iPhone 15 ya Septemba 2023 ikatoka na USB-C.

Ila utamu wenyewe hauko kwenye pini. Sheria inasema kifaa kinachochaji kwa zaidi ya volti 5, au ampea 3, au wati 15 lazima kielewe lugha ya USB PD, hii anayoisema jamaa wa Nairobi. Unaweza kuongeza lugha yako ya kampuni lakini ile ya pamoja usiizime. Na mnunuzi apewe nafasi ya kununua simu bila kichwa cha chaji. Hiyo spika ya kijana kwa huku isingestahili kuingia sokoni.

Saudi Arabia nao wamefuata, simu tangu 1 Januari 2025. China walikuwa mbele ya Ulaya kwa njia yao, 2006 waliweka kanuni kwamba kichwa cha chaji kiwe na tundu la USB, waya upande wa simu utajijua. Ukiifikiria ndo iliyotufanya wote leo tuwe na vichwa vinavyobadilishana waya. Korea Kusini nao walikuwa na pini yao ya kitaifa ya simu, meno 24, baadaye wakaishusha ikawa 20. Nje ya Korea hakuna aliyeihitaji.

Jiwe la Kivuko

Mimi bado nasema serikali kuchagua pini ni hatari. Chukulia 2009 wangeweka sheria ya maikro USB badala ya hiari, leo tungekuwa bado tunachomeka kinyumenyume usiku. Taipu C ilitoka 2014 kwa sababu hakuna aliyezuia watu kufikiri. Sasa wameifunga kwenye sheria, nani ataleta iliyo bora?

Mbongo wa Hamburg

Hoja yako ndo ile ile Apple alikuwa anaitoa, na si ya kijinga. Lakini angalia nani aliitengeneza taipu C: ni kampuni zenyewe zimekaa pamoja kwenye USB-IF, umoja wao wa standadi za USB, Apple akiwemo, sio serikali. Serikali ilikuja miaka nane baadaye kuokota kilichokwisha shinda sokoni. Na sheria imeipa Tume uwezo wa kubadilisha kiambatisho cha kiufundi teknolojia ikisogea, hawahitaji kurudi bungeni kuanza moja. Alafu angalia USB PD, imepanda kutoka wati 100 mpaka 240 kwenye mdomo ule ule. Ubunifu haujakufa, umehamia ndani.

Jiwe la Kivuko

Umehamia ndani ambako mimi mnunuzi sioni. Zamani nikiona pini tofauti najua haiingii. Leo zote zinaingia, ila hii inachaji haraka, hii polepole, hii haichaji kabisa, na kwa macho ni waya ule ule. Bora ipi?

Fundi Msimbazi

Hapo Jiwe kapiga penyewe. Wateja wananiletea waya wanauliza huu ni orijino? Nitajuaje? Naukunjakunja, naangalia uzito, nauweka kwenye ile mita ndogo ya USB nisome ampea. Mwenye duka la jumla naye hajui, boksi limeandikwa wati 100 na kesho likija lingine limeandikwa 120 kwa waya ule ule. USB-IF wameanzisha alama za kuandika wati kwenye waya, 60 au 240, sema huku mtaani alama inachapishwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa. TBS na KEBS wakitaka kutusaidia waanzie hapo, kwenye waya na vichwa vinavyoingia bandarini, habari ya kubuni pini nyingine iwe baadae.

kipini_kimoja

Wakuu nimeelewa na sijakata tamaa. Naacha pini ya duara. Nafikiria vitu viwili nichague kimoja: (a) kibodi kidogo cha kubadilisha, fundi atoe pini nyembamba au maikro kwenye kiswaswadu aweke mdomo wa taipu C wenye rezista zake kamili, (b) kifaa cha kupimia waya na midomo, unachomeka kinakwambia CC ipo, waya una chipu au hauna, moto na graundi haujageuzwa, kwa taa tu, bila skrini ili kiwe rahisi. Mama Sola na Fundi, mngenunua kipi?

Mama Sola

Mimi (b) kama hakizidi elfu kumi na tano. Na taa ziwe kubwa.

Fundi Msimbazi

(b) kwa haraka. (a) ni nzuri ila viswaswadu havifanani ndani, kila modeli ina nafasi yake, utachora vibodi mpaka uzeeke. Kwa wenye pini nyembamba badala ya kufungua simu tengeneza waya mfupi, taipu C upande mmoja pini ya milimita 2 upande mwingine.

kipini_kimoja

Huo waya mfupi nao unahitaji rezista mbili?

WayaMoto254

Moja. Mdomo unahitaji mbili, moja kwa kila CC, zisigusane. Pini ya waya ina CC moja tu, lile jino la pili la upande wa pili ni la kulisha chipu ya waya, wewe huna chipu kwa hivyo liache wazi. Weka kilo-om 5.1 kutoka CC kwenda graundi ndani ya kichwa cha plastiki, moto uende kwenye kijiti cha katikati cha pini ya Nokia, graundi kwenye mwili wa nje. Utapata volti 5 na hazitapanda hapo, kwa sababu hakuna anayeziomba zipande. Kabla hujachomeka kwenye simu ya mtu hakikisha na mita kwamba katikati ni chanya.

Na ya (b), usianze na skimatiki (mchoro wa sakiti) kubwa. Nunua kibodi cha majaribio cha taipu C chenye meno yote yametolewa nje, chomeka kwenye kifaa kilichozimwa, weka mita kwenye CC1 na graundi, kisha CC2 na graundi. Kwa vifaa vya rahisi kama hiyo spika ukisoma karibu 5.1 kila upande mdomo ni mzima. Ukisoma wazi, rezista zimeachwa. Ukisoma 5.1 pande zote na pia mita inapiga kelele ukiigusisha CC1 na CC2 kwa pamoja, umekutana na kosa la Raspberry Pi. Simu za kisasa na laptopu usizipime hivyo, hapo rezista ziko ndani ya chipu na mita itakudanganya, itabidi uzilishe kidogo usome volteji. Tuma picha ya ulichochora ukifika hapo, mimi niko humu jioni.

kipini_kimoja

Spika nimeifungua sasa hivi. CC zote wazi, na kwenye bodi kuna nafasi mbili zimeandikwa R7 na R8 hazina kitu 😂 Nina rezista za 5.1 za miguu mirefu tu, zitafaa au lazima zile za kubandika?

Fundi Msimbazi

Zitafaa, kata miguu fupi, iweke insulesheni isiguse betri. Ukishindwa njoo nazo Msimbazi.